Kansere ya koo: kisha matunzo, IRM inatuambia nini?

Kansere ya koo, ya ulimi ao ya pua ikisha kutunzwa, kwa mugonjwa na kwa familia yake linabakia swali moja tu: imekufa kweli, ao imejificha? Munganga anaangalia kinywa, anapapasa shingo, anaingiza kamera ndogo kupitia pua. Lakini kule chini ya ngozi, katikati ya nyama ambazo radioterapi imechoma, jicho halifike. Ni pale IRM inaanza kazi yake.

Mimi si munganga. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma ya Serikali, kisha nikaingia kazi ya mukuba kama wengine. Lakini mu ofisi ya sendika watumikaji wanatuletea mabahasha ya hospitali, wanayaweka juu ya meza, wanasema: “Delege, soma, inasema nini?” Na patroni akikataa bono ya matunzo, ni sisi tunaenda kubishana naye. Mutu hawezi kubishana juu ya kitu asichokielewa. Watu wa biro watamuzungusha mupaka jioni. Njo maana niliuliza waganga, nikasoma, na leo ninaandika.

Kwanza, juu ya nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa mine? Katika mwaka wa 1992, Kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa kansere, kile kilicho Lyon kule Ufaransa, kiliweka mvuke wa asidi kali zenye asidi sulfuriki ndani ya kikundi cha 1, maana yake vitu ambavyo ni hakika vinaleta kansere kwa mutu. Kansere yenyewe ni ya larinksi, pale sauti inatokea. Sasa, kila mutu wa Kolwezi, Likasi ao Fungurume anajua namna tunatoa mukuba na kobalti: mawe yanasagwa, yanalowekwa mu asidi, kisha maji yale yanaenda mu sale ya elektrolizi. Mutu aliyesimama juu ya masanduku ya elektrolizi hahitaji kitabu ili ajue ule mvuke. Unauma pua, unakausha koo, unakula hata nguo. Kituo kile kile kinasema amianti nayo inaleta kansere ya larinksi, na kazi ya kusafisha nikeli inaleta kansere ya pua na ya mashimo yaliyo kando ya pua.

Sisemi kila mutu wa asidi atagonjwa. Tumbaku na pombe kali zinabakia mbele, na mutu anayechanganya sigara na lutuku hajumulishi hatari mbili, anazizidisha. Kuna tena virusi: HPV kwa koo upande wa juu na mizizi ya ulimi, na virusi ya Epstein-Barr kwa kule nyuma ya pua. Lakini patroni akisema “huyu alikuwa anakunywa”, jibu ni moja: alikuwa anakunywa, na alikuwa anavuta asidi yako vilevile.

Matunzo yenyewe ni mazito. Kama hawakupasua, ao kisha kupasua, wanatoa radioterapi; mara nyingi ni gray 70 kwa jumla, zikigawanywa mara 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Pamoja na ile wanaweza kutia shimio, zaidi sana dawa inayoitwa sisplatini. Mutu anatoka pale kinywa kimekauka, mate hakuna, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na ngumu sawa ngozi ya ngoma, chakula kinapita kwa taabu. Ndani nako kumevimba. Na shida yote ni pale: uvimbe wa matunzo na uvimbe wa kansere vinafanana sana. Skaneri ya kawaida inaonyesha vizuri kwamba kuna kitu kinene. Lakini mara nyingi haiwezi kusema kama kile kitu ni kovu, ni maji, ao ni kansere iliyobakia.

IRM inafanya kazi kwa njia ingine. Haina miale ya X. Ni sumaku kubwa, ile wengi tunaita ema, na mawimbi ya redio. Mwili wetu umejaa maji, na ndani ya maji kuna hidrojeni. Sumaku inapanga zile hidrojeni, wimbi la redio linazisukuma, na wakati zinarudi pa nafasi yao zinatoa alama ambayo mashine inasikia na kugeuza kuwa picha. Sumaku ya tesla 1,5, ile inayopatikana zaidi, inapita nguvu ya sumaku ya dunia zaidi ya mara 20 000. Ili ifike pale, nyaya zake zinawekwa mu helio ya maji, baridi ya digri 269 chini ya sifuri. Na zile nyaya, wandugu wangu, zimevalishwa mukuba. Chumba chenyewe, ili redio ya inje isiharibu picha, mara nyingi kinazungushwa mabamba ya mukuba ukutani, juu na chini. Vile vifaa wanavaa mugonjwa juu ya shingo ili kukamata alama, navyo vina mukuba ndani. Hakuna mutu mu Katanga hii anayeweza kuniambia kwamba IRM ni kitu cha wageni.

Tuangalie sasa ile munganga wa picha anatafuta. Anapiga picha za namna mbalimbali za sehemu moja. Mu namna inayoitwa T2, maji yanang'aa. Uvimbe mupya wa matunzo, uliojaa maji, unang'aa sana. Kovu la zamani, lililokauka na kukazana, linakuwa jeusi. Kansere inakaa katikati, kijivu. Kisha wanatia mu mushipa dawa ya gadolinio na kuangalia ni wapi inaingia mbio na ni wapi inachelewa. Kovu la zamani kwa kawaida halinywi sana ile dawa; kansere yenye uzima inainywa. Lakini nyama zilizochomwa na radioterapi nazo zinainywa mu miezi ya kwanza, na pale mutu anaweza kudanganyika.

Ndiyo sababu kuna namna ingine, difuzioni. Hii ninataka kukaa juu yake kidogo, kwa maana ndiyo iliyobadilisha mambo. Mu miaka ya 1980, Denis Le Bihan, Mufaransa, alionyesha kwamba IRM inaweza kupima namna maji yanatembea ndani ya nyama za mwili. Mwanzoni ilikuwa ni mambo ya ubongo. Baadaye waganga wa kansere wakaona kwamba inawafaa.

Fikiri soko ya Kenya, pale Lubumbashi, siku ya posho saa tano. Watu wamejaa, mama na beseni, musukumaji na pusipusi, hakuna mutu anayeweza kutembea hatua tatu bila kugonga mwingine. Rudia pale saa mbili ya usiku: unavuka soko yote ukipiga mbinja. Kansere ni soko ya saa tano. Chembe zake zimezaliana mbio, zimebanana, na maji yaliyo katikati yake hayana nafasi ya kutembea. Matunzo yakifaulu, chembe zinakufa, kuta zake zinapasuka, nafasi inafunguka, na maji yanaanza kutembea. IRM inapima ule mwendo na kuutolea hesabu, inayoitwa ADC. ADC ikiwa chini, soko imejaa. Ikipanda, watu wametoka.

Jambo zuri ni kwamba chembe zinakufa mbele ya uvimbe kupunguka. Ukingoja kipimo cha ukubwa peke yake, unaweza kukaa wiki nyingi bila kujua kitu. ADC inaweza kupanda mapema. Waganga wa Leuven, kule Ubelgiji, walionyesha kwamba difuzioni iliyopigwa wiki tatu tu kisha radioterapi na shimio kuisha inaweza kusaidia kutenganisha wagonjwa ambao kansere imekwisha na wale ambao imebakia. Wengine wanapiga hata katikati ya matunzo, ili waone kama inafaa kuongeza ao kubadilisha. Kule Utrecht, mu Uholanzi, tangu mwaka wa 2017 wanatunza watu kwa mashine inayounganisha IRM na radioterapi pamoja: inaona na inachoma mu saa moja. Ile ni mbali na sisi, lakini inaonyesha njia inaelekea wapi.

Hata vile, musikimbilie kusoma picha ya mapema. Kwa waganga wengi, kipimo kikubwa cha mwisho kinafanywa karibu wiki 12 kisha matunzo, wakati moto wa radioterapi umepoa. Pale wanapenda sana TEP-skaneri, ile inayofuata sukari, kwa sababu kansere inakula sukari sana. Mu Uingereza walifanya uchunguzi mukubwa, uliotangazwa mwaka wa 2016, na wagonjwa 564 wenye kansere iliyofika mu tezi za shingo. Nusu walipasuliwa shingo kama ilivyokuwa desturi. Nusu ingine walipigwa kwanza TEP kwa wiki 12, na kupasuliwa ni kwa wale tu picha ilionyesha mashaka. Kwa upande wa kwanza walipasua mara 221, kwa upande wa pili mara 54. Na kisha miaka miwili waliobakia wazima walikuwa karibu sawa: 84,9 kwa mia upande wa TEP, 81,5 upande wa kisu. Maana yake, picha nzuri inaokoa shingo za watu. Pale TEP haipatikani, IRM yenye difuzioni, ikisomwa na mutu anayejua, ndiyo inayoweza kukaribia kazi ile zaidi, na kwa mizizi ya ulimi, mifupa ya chini ya kichwa na njia za mishipa ya fahamu, yenyewe inaona vizuri zaidi.

Mu protokole, ile karatasi ya munganga wa picha, mutakuta maneno ya Kifaransa yanayoogopesha. “Réponse complète”: hakuna kitu kinachoonekana tena. “Réponse partielle”: kipimo kimepunguka kwa 30 kwa mia ao zaidi. “Progression”: kimeongezeka kwa 20 kwa mia ao zaidi, ao kitu kipya kimetokea. “Maladie stable”: iko katikati. Ni kanuni za dunia nzima, zilizopangwa upya mwaka wa 2009. Lakini musizichukue kama hukumu ya tribinali. Tezi ya shingo inaweza kubakia kubwa na ndani yake kuwe maji matupu, kansere imekufa. Na ingine inaweza kupunguka nusu, lakini ile nusu iliyobakia ingali inaishi. Kwa hiyo protokole inayotaja ukubwa tu bila kusema T2 iko namna gani, difuzioni iko namna gani, ni protokole nusu. Muulize.

IRM nayo inakosea. Kumeza mate katikati ya picha kunaiharibu. Meno ya chuma yanaacha shimo nyeusi pale pale ambapo ulimi unapaswa kuonekana, na difuzioni inapinda. Kipande kidogo sana cha kansere kinaweza kupita bila kuonekana. Mufupa wa taya ulioharibiwa na radioterapi unaweza kuiga kansere. Kwa hiyo mashaka yakibakia, mwisho ni kukata kipande cha nyama na kukitia chini ya mikroskopi. Hakuna mashine iliyoondoa kazi ile.

Sasa kuna jambo moja ambalo linaniuma, na ni lile ninalopigania. Picha ya kisha matunzo inasomwa vizuri kama kuna picha ya mbele ya matunzo. Ile ya kwanza inaonyesha kansere ilikuwa wapi, ilikuwa na rangi gani mu T2, ADC yake ilikuwa ngapi. Bila ile, munganga anafananisha na nini? Tulikuwa na mwenzetu mumoja wa elektrolizi, sauti yake ilikwaruza miezi mingi, wakamupa dawa za mafua, kisha ikatambulikana. Kampuni, sitaitaja, ililipa safari ya inje na matunzo, na hapo niseme asante. Lakini IRM ya mbele haikufanywa, walitosheka na skaneri, na sidi ya ile skaneri ikapotea mu biro fulani. Kisha miezi mitatu, munganga aliomba IRM ya kuangalia. Jibu la biro ya wafanyakazi lilikuwa: “Matunzo yameisha, hii si matunzo.” Tulibishana wiki sita. Ilipokubaliwa, munganga wa picha aliona kitu cha kijivu kando ya larinksi, na hakuwa na picha ya zamani ya kufananisha. Wakakata nyama. Ilikuwa kovu tu, Mungu asifiwe. Lakini mwenzetu alikaa zile wiki zote bila kulala, bibi yake vilevile, na alipasuliwa bure.

Neno lile, “hii si matunzo”, ni uongo. Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba patroni ashugulikie matunzo ya mutumikaji, bibi yake na watoto wake. Munganga akiandika kwamba mugonjwa anahitaji picha ili ajue kama aendelee, apasue ao aache, ile picha ni sehemu ya matunzo sawa sindano. Na kama kuna sababu ya kufikiri kwamba ugonjwa umetoka mu kazi, ni lazima kuutangaza kwa CNSS, kwa maana sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inahusu pia magonjwa ya kazi. Musingoje mutu afwe ndipo mutafute karatasi zake za sale ya elektrolizi.

Watumikaji wa mine wana tena hatari moja ndani ya IRM ambayo wengine hawana. Ni jicho. Wale wanafanya sudure, wale wanasugua chuma, wale wa garage na wa kusaga mawe: vipande vidogo vya chuma vinaweza kuingia mu jicho na kukaa mule miaka bila kuuma. Sumaku ya IRM inaweza kukisukuma kile kipande, na jicho likaharibika. Kwa hiyo mbele ya kuingia, mumwambie fundi wa mashine kazi yenu yote ya zamani, hata kama ni miaka kumi imepita. Atapiga kwanza radio ya macho, ao skaneri. Museme vilevile kama kuna mashine ya moyo, chuma mu mufupa, ao kipande cha risasi mu mwili, na hapa kwetu ile haiko ajabu. Mwenye figo mbaya aseme pia, juu ya ile dawa ya gadolinio. Saa, funguo, mukanda, telefone vinabakia inje. Sumaku haizimwi jioni kama taa. Iko na nguvu saa zote, hata kama hamusikii kelele.

Na kelele zitakuja. Mashine inapiga sawa nyundo, nusu saa mupaka tatu robo, na mutu analala mu shimo nyembamba, kichwa kimefungwa mu kifaa. Wenzetu wa chini ya udongo wanacheka, wanasema wamezoea. Si wote. Nimeona mutu wa miaka ishirini mu mine ya chini akikimbia IRM dakika ya tatu. Muombe vizibo vya masikio, mushike ile pira ya kuita fundi, na musimeze mate ovyo.

Inabakia swali la mahali. Watu wengi wa Lubumbashi wanavuka Kasumbalesa, wanaenda Lusaka, pale hospitali ya kansere ya Zambia ilifunguliwa mwaka wa 2007. Wenye feza wanaenda Afrika ya Kusini ao India. Nikifikiri ile barabara, ninafikiri vilevile Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mbele ya uranio yake kutengeneza bomu ya Hiroshima, mawe ya pale yalipelekwa Olen, mu Ubelgiji, na tangu 1922 yakatoa radio ya kutunza kansere za Wazungu. Na mwaka wa 1951, kule Kanada, walianza kutunza watu kwa mashine ya kobalti 60, ambayo ni kobalti, chuma kile kile tunachochimba, iliyopitishwa mu reakta. Sitafuti vita na mutu. Ninasema tu kwamba mukoa uliopeleka radio inje zaidi ya miaka mia iliyopita haupaswi kuona haya kuomba.

Mu mazungumuzo ya mapatano ya kazi yanayokuja, delege wenzangu, tutaweka maneno mane kwa maandishi: IRM mbele ya matunzo kwa kila kansere ya kichwa na shingo, kama munganga anaiomba, IRM ao TEP kisha karibu wiki 12, safari na chakula cha mutu mumoja wa kumusindikiza, na sidi ya picha kubakia mu mikono ya mugonjwa mwenyewe, si mu biro. Kwa wale ambao tayari wametunzwa, mulete protokole zenu na sidi zenu ofisini siku ya kazi yoyote mbele ya saa tisa. Tutatengeneza kopi.